Tuwalinde Wanachuo Wetu na Matubwitubwi

Kila mwaka vyuo vyetu vinapofunguliwa, vijana huupanda uwanda wa Makonde wakiwa na masanduku yao, ndoo zao na magodoro yao. Wengine hutoka karibu, Mkunya, Tandahimba au Masasi. Wengine husafiri siku nzima au mbili kutoka mikoa ya mbali. Wapo waendao Chuo cha Ualimu Kitangali kujifunza kazi ya kufundisha, na wapo waendao vyuo vya afya vya Newala, Masasi na Ndanda kujifunza kazi ya kuuguza. Wanapofika huulizwa vyeti, ada, sare na shuka. Yote hayo ni ya haki. Lakini liko swali moja ambalo, kwa maoni yetu, lastahili kuulizwa pamoja na hayo: kijana huyu amekingwa na maradhi gani, na ni maradhi gani ambayo bado hajakingwa nayo?

Twauliza hivyo kwa sababu ya ugonjwa mmoja ambao watu wengi huudharau. Ugonjwa huo ni matubwitubwi, ambao wengine huuita matumbwitumbwi, na wazee wa pwani huujua kwa jina la perema. Ni nani asiyeujua? Mtoto huamka asubuhi shavu limevimba, hawezi kutafuna wala kumeza vizuri, ana homa na kichwa chamwuma. Mama humfunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, ndugu zake humcheka kidogo, na baada ya siku chache uvimbe hushuka. Kwa kuwa ni nadra mtu kufa kwa matubwitubwi, tumezoea kuyahesabu kuwa ni sehemu ya utoto, kama kung'oka meno.

Hapo ndipo tunapokosea. Ni kweli kwamba katika nchi ambazo hazitoi chanjo ya ugonjwa huu, watoto wengi huupata wakiwa na umri wa miaka mitano hadi tisa, na huupita salama. Hata wako wanaoupata bila kujijua, maana katika kila watu watatu walioambukizwa, mmoja huenda asionyeshe uvimbe wowote. Lakini si wote wanaoupata utotoni. Wapo waliolelewa katika vijiji vilivyo mbali, nyumba zimetawanyika, ugonjwa usiwafikie. Kijana wa namna hiyo hufika chuoni akiwa na miaka kumi na tisa au ishirini, mwenye nguvu na siha, lakini mwili wake haujawahi kupambana na adui huyu. Na adui huyu humtendea mtu mzima vibaya kuliko anavyomtendea mtoto.

Tueleze waziwazi, maana jambo la afya halifichwi kwa haya. Virusi vya matubwitubwi havikai katika tezi za mate peke yake. Husafiri katika damu. Kwa wanaume waliokwisha kubaleghe na ambao hawakuchanjwa, hadi watatu katika kila kumi wanaougua huweza kuvimba korodani, kwa maumivu makali na homa ya juu. Takriban nusu ya korodani zinazopatwa na uvimbe huo husinyaa baadaye. Kwa bahati njema, mara nyingi uvimbe hushika upande mmoja, na ni wachache sana wanaopoteza kabisa uwezo wa kuzaa. Lakini kupungukiwa uzazi kwaweza kutokea. Wanawake nao huweza kuvimba matiti au ovari. Kwa wote, wake kwa waume, virusi hivyo huweza kuingia katika utando unaofunika ubongo, kulivimbisha kongosho, na mara chache kuua usikivu wa sikio, wala usirudi tena.

Mwalimu asiyesikia vizuri atawasikiaje watoto sitini darasani? Muuguzi aliyepoteza sikio ataisikilizaje sauti dhaifu ya mgonjwa usiku wodini? Na kijana aliyeoa akakosa mtoto, asijue kwamba sababu huenda ikawa ni homa ile aliyougua bwenini, atamlaumu nani? Katika jamii zetu jibu twalijua. Kwanza atalaumiwa mke. Akiisha mke, atatafutwa jirani mwenye jicho baya. Nyumba ngapi zimevunjika kwa lawama za namna hiyo!

Sasa tutazame jinsi ugonjwa wenyewe unavyoenea, nasi tutaona kwa nini twataja vyuo. Matubwitubwi huenea kwa mate na kwa matone ya pumzi: kwa kukohoa, kupiga chafya, kuzungumza kwa karibu, na kunywa katika chombo kimoja. Mtu aliyeambukizwa hukaa wiki mbili hadi tatu, kwa kawaida siku 16 hadi 18, kabla ya dalili kutokea. La hatari zaidi ni kwamba huanza kuwaambukiza wenziwe siku kama mbili kabla shavu halijavimba, na huendelea kwa siku kama tano baada ya kuvimba. Yaani mtu huwapa wenzake ugonjwa akiwa mzima machoni pao na machoni pake mwenyewe.

Mahali panapoufaa ugonjwa wa namna hiyo ni pale vijana wanapokusanyika, wanapolala kitanda kwa kitanda na kula meza moja. Jambo hili si geni duniani. Miaka zaidi ya elfu mbili na mia tatu iliyopita, tabibu Myunani Hippocrates alieleza habari za ugonjwa katika kisiwa cha Thasos, ulioleta uvimbe karibu na masikio na kwa wengine maumivu ya korodani, nao uliwashika zaidi vijana waliokutanika katika viwanja vya mazoezi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Marekani yalipowakusanya vijana wa mashamba kambini, matubwitubwi yakawa miongoni mwa maradhi makubwa yaliyojaza vitanda vya hospitali za askari. Vijana hao hawakuwa dhaifu. Walikuwa wametoka mahali pa upweke wakatiwa mahali pa msongamano.

Bweni la chuo ni kambi ya namna hiyo. Na bweni la uwanda wa Makonde lina jambo lake la ziada, nalo ni maji. Kila mwenyeji wa Newala ajua kwamba uwanda huu hauna mito juu yake. Mchanga wake hunywa mvua yote, na tangu zamani mama zetu waliteremka mabondeni kutafuta maji na kuyapandisha kichwani. Mradi mkubwa wa maji wa Makonde ulioanzishwa katika miaka ya 1950 ulipunguza taabu hiyo, lakini heshima ya tone la maji imebaki katika desturi zetu. Palipo na pipa moja na kata moja, watu ishirini hunywa kwa kata hiyo, na si kwa uchafu wala kwa ujinga, bali kwa kuona kwamba maji hayamwagwi ovyo kwa kusuuza vyombo. Kwa ugonjwa unaosafiri katika mate, kata hiyo ni daraja.

Tena wanachuo wetu hawakai bwenini siku zote. Yule wa ualimu hupelekwa katika shule za msingi kwa mazoezi ya kufundisha. Huingia darasani, huinama juu ya madaftari ya watoto, huimba nao na kucheza nao. Akiwa amebeba ugonjwa kabla ya kuvimba, huwapelekea watoto wa kijiji kizima. Au yeye mwenyewe huupokea kwao na kuurudisha chuoni siku chache kabla ya mtihani. Yule wa uuguzi huingia wodini, kwa watu ambao miili yao imekwisha kudhoofishwa na maradhi mengine. Kwa hiyo tunapomlinda mwanachuo mmoja tunawalinda watu wengi ambao hatutawaona kamwe.

Yako masimulizi ambayo kila mwanafunzi wa uuguzi angefaa kuyajua. Mwezi wa Oktoba 1977, katika mji wa Merca nchini Somalia, kijana mmoja mpishi wa hospitali, Ali Maow Maalin, aliugua ndui. Akawa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui ile iliyoenea kwa njia ya kawaida, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha. La kustaajabisha ni kwamba Maalin alikuwa amewahi kufanya kazi katika kampeni ya kuwachanja watu wengine, lakini yeye mwenyewe hakuwa amechanjwa. Aliogopa maumivu ya sindano. Alipona, na baadaye alitumia maisha yake kuwahimiza Wasomali wenziwe wawapeleke watoto kupata chanjo ya polio, mpaka alipofariki mwaka 2013. Funzo lake ni hili: anayelinda wengine asipolindwa mwenyewe, ugonjwa huweza kuingia kwa mlango wake.

Je, chanjo ya matubwitubwi ipo? Ipo, na si ya jana. Mwaka 1963 mtaalamu wa Marekani, Dr. Maurice Hilleman, alikuwa nyumbani usiku binti yake, Jeryl Lynn, alipoamka shavu limevimba. Baba akachukua ute kutoka kooni mwa mtoto, akaupeleka katika maabara yake, akavidhoofisha virusi hivyo hatua kwa hatua mpaka vikawa haviwezi kuugua mtu bali vyaweza kuufundisha mwili kujilinda. Mwaka 1967 chanjo hiyo ikaruhusiwa kutumika, na mwaka 1971 ikaunganishwa na chanjo ya surua na ya rubella katika sindano moja. Tangu hapo mamilioni ya watoto ulimwenguni wamekingwa na maradhi matatu kwa sindano hiyo.

Hapa sharti tuitazame nchi yetu kwa haki, bila kujisifu kupita kiasi na bila kujidharau. Tanzania ilianza Mpango wa Taifa wa Chanjo mwaka 1975, na kwa mpango huo watoto wengi sana wameokolewa na surua, pepopunda, kifaduro na kupooza. Mwezi wa Oktoba 2014 nchi nzima iliendesha kampeni ya kuwachanja watoto wote wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15 dhidi ya surua na rubella. Tangu hapo mtoto hupata chanjo hiyo ya maradhi mawili akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Mwaka 2018 ikaanza, kwa nchi nzima, chanjo ya kuwakinga wasichana wa miaka 14 na saratani ya mlango wa kizazi, na shule zikawa mahali pa kuwapatia.

Msomaji na afanye hesabu pamoja nasi. Kijana aliyekuwa na miaka saba au minane mwaka 2014 ndiye mwanachuo wa miaka hii. Serikali ilimfikia. Alisimama mstarini shuleni kwake, akakunja mkono wa shati, akachomwa sindano. Sindano hiyo ilikuwa na kinga ya surua na kinga ya rubella. Kinga ya matubwitubwi haikuwamo. Wala leo haimo katika orodha ya chanjo ambazo kila mtoto wa Tanzania hupewa bure. Kati ya ndugu watatu wanaosafiri pamoja katika nchi nyingi, sisi tumewafungia mlango wawili, na wa tatu angali anapita.

Hatusemi kwamba waliopanga hivyo walikosa. Surua huua, na rubella ikimshika mama mjamzito huweza kumharibu mtoto tumboni macho, masikio na moyo. Mwenye fedha kidogo huanza na nyoka kabla ya nge. Chanjo ya maradhi matatu ni ghali kuliko ya mawili, na misaada ya kimataifa inayosaidia nchi zetu kununua chanjo imeelekezwa zaidi kwenye surua na rubella. Huo ni ukweli, na anayeandika juu ya afya bila kutaja bei aandika hadithi. Lakini nge naye huuma, na siku yaja ambayo itatupasa kumshughulikia. Tunalotaka ni kwamba siku hiyo ije kwa mpango, wala isije kwa kushtukizwa.

Kwa nini twatilia mkazo neno mpango? Kwa sababu katika habari ya matubwitubwi, nusu ya kazi yaweza kuwa mbaya kuliko kutofanya kazi. Chanjo ikitolewa kwa watoto wachache tu, ugonjwa hupungua kidogo katika jamii lakini haukomi. Mtoto ambaye hakuchanjwa, badala ya kuupata akiwa na miaka sita, hukwepa, hukwepa, mpaka huupata akiwa na miaka ishirini, wakati ambao madhara yake ni makubwa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2007, lilizishauri nchi ziongeze chanjo ya matubwitubwi pale tu zinapokuwa na uwezo wa kuwafikia watoto wengi, zaidi ya wanane katika kila kumi, na kuendelea hivyo mwaka hadi mwaka.

Mfano ulio wazi ni wa Uingereza. Nchi hiyo ilianza kutoa chanjo ya maradhi matatu mwaka 1988 kwa watoto wadogo. Waliozaliwa miaka michache kabla ya hapo walikuwa wakubwa mno kwa chanjo ile, na kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umepungua miongoni mwa wadogo zao, wengi wao hawakuupata utotoni. Wakakua hivyo, katikati ya pande mbili, bila kinga ya sindano na bila kinga ya ugonjwa. Walipofika umri wa vyuo vikuu, deni likadaiwa: mwaka 2005 peke yake, England na Wales zilithibitisha wagonjwa zaidi ya 43,000 wa matubwitubwi, wengi wao wakiwa vijana wa umri huo. Kizazi kizima kilisahauliwa katika hesabu. Basi siku Tanzania itakapobadili chanjo yake, isiwachanje watoto wachanga tu na kuwaacha ndugu zao walioko shuleni na vyuoni. Hilo ndilo neno kubwa tunalotaka kulisema leo.

Lakini mtu aweza kuuliza: mbona hata Marekani, ambako watoto huchanjwa mara mbili, wanachuo bado waliugua? Ni kweli. Mwaka 2006 Marekani ilipata wagonjwa 6,584, na walioshikwa zaidi walikuwa vijana wa miaka 18 hadi 24, wengi wao wanafunzi wa vyuo vya majimbo ya kati kama Iowa. Wengi wao walikuwa wamechanjwa. Chanjo hii si ngome isiyopenyeka. Dozi mbili huwakinga watu kama 88 katika kila 100, na kinga hiyo hupungua kadiri miaka inavyopita. Katika msongamano wa bweni, wale wachache wanaobaki hutosha kuuwasha moto.

Tazama basi walivyofanya. Katika mwaka wa masomo wa 2015 na 2016, Chuo Kikuu cha Iowa kilipatwa tena. Wanafunzi walikuwa 20,496, na 259 wakaugua. Chuo kikafungua vituo na kuwapa wanafunzi waliotaka dozi ya tatu. Baadaye wataalamu walihesabu: katika waliopata dozi tatu, walougua walikuwa 6.7 kwa kila 1,000. Katika waliokuwa na dozi mbili tu, 14.5 kwa kila 1,000. Mwezi wa Oktoba 2017 kamati ya washauri wa chanjo ya Marekani ikapitisha kwamba panapotokea mlipuko, walio hatarini wapewe dozi ya tatu. Tulinganishe pia hali zilivyo: kabla ya chanjo, Marekani ilikuwa ikipata wagonjwa wapatao laki moja na nusu hadi laki mbili kila mwaka. Mvua ikivuja mahali pamoja katika paa, mwenye akili huziba pale panapovuja. Haondoi bati zote.

Hatuna budi kuligusa pia jambo la uvumi, maana kila chanjo inapokuja, uvumi huja nyuma yake kama vumbi nyuma ya lori. Uvumi uliozoeleka katika Afrika ya Mashariki ni ule wa kusema kwamba chanjo zimetiwa dawa ya kukata uzazi. Mwaka 2014 nchini Kenya palitokea mabishano makubwa ya namna hiyo juu ya chanjo ya pepopunda iliyotolewa kwa wanawake, na mashirika ya afya ya kimataifa yakasema kwamba madai hayo hayakuwa na msingi. Katika Ulaya nako, mwaka 1998, daktari mmoja Mwingereza aliandika katika jarida la Lancet akiihusisha chanjo ya maradhi matatu na usonji wa watoto. Watafiti wengi walichunguza wasione uhusiano wowote. Jarida lenyewe likaifuta makala hiyo mwaka 2010, na mwandishi wake akaondolewa katika orodha ya madaktari. Lakini kwa miaka yote hiyo wazazi waliogopa, na surua na matubwitubwi yakapata nafasi.

Kwa habari ya matubwitubwi uvumi huo ni wa kusikitisha zaidi, kwa maana umegeuza mambo juu chini. Kinachoweza kudhuru uzazi wa kijana ni ugonjwa. Chanjo ndiyo inayoulinda. Anayemkataza mwanawe sindano kwa kuogopa utasa, amwacha mbele ya jambo lile lile analoliogopa. Wazee wetu wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao, ambao huthamini sana kizazi na ukoo, wakielezwa hivyo kwa lugha wanayoielewa, watakuwa wa kwanza kuwasukuma vijana waende. Tangu zamani hawakuwapeleka vijana jandoni bila walezi; kila kijana alikuwa na mtu aliyesimama kwa ajili yake, aliyetazama kidonda chake, chakula chake na usingizi wake. Chuo ni jando la siku hizi. Walezi wake ni nani?

Twaweza kuwataja. Wa kwanza ni wakuu wa vyuo. Hao hawahitaji kungoja bajeti ya taifa ili waanze. Katika fomu ya kujiunga na chuo na uwekwe ukurasa mmoja wa chanjo: pepopunda, surua na rubella, homa ya ini, na matubwitubwi, kwamba aliwahi kuugua au kuchanjwa. Ukurasa huo utamsaidia mganga siku ya mlipuko ajue amwangalie nani kwanza. Kwa wanafunzi wa uuguzi na utabibu, ukurasa huo uwe wa lazima.

Wa pili ni wazazi. Kadi ya kliniki ya mtoto isiwe kitu cha kutupwa mtoto akianza shule. Itunzwe pamoja na cheti cha kuzaliwa. Mzazi ambaye mwanawe aliugua matubwitubwi na aandike mwaka nyuma ya kadi hiyo. Ni kazi ya dakika moja, nayo yaweza kufaa baada ya miaka kumi na tano.

Wa tatu ni wanachuo wenyewe. Kila mmoja awe na kikombe chake, na kata ya kuchotea isiguswe na mdomo. Anayeona shavu linavimba asijifiche kwa kuogopa kukosa mtihani au kuchekwa. Aende zahanati, naye akae mbali na wenziwe kwa siku tano tangu uvimbe ulipoanza. Chumba kimoja kikitengwa kwa kazi hiyo chatosha. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuviua virusi vyake. Tiba yake ni kupumzika, kunywa maji, dawa ya kutuliza maumivu, na kumwona mganga upesi korodani zikiuma, kichwa kikiuma kwa nguvu na shingo kukaza, au sikio likiziba. Nao wakuu wa vyuo wasimwadhibu aliyekosa mtihani kwa sababu ya siku hizo tano, bali wampe nafasi nyingine. Mwanafunzi akijua kwamba kusema kweli kutamgharimu mwaka mzima, hatasema kweli.

Wa nne, na mkubwa kuliko wote, ni Serikali. Hapa twarudi kwenye neno letu la mpango. Kwanza, dozi mbili za surua na rubella ziwafikie watoto wote, na hasa dozi ya pili ya miezi 18, ambayo mama aweza kuisahau kwa sababu mtoto amekwisha kupata nguvu na yeye mama amerudi shambani kwenye mikorosho. Bila msingi huo, chanjo ya tatu itajengwa juu ya mchanga. Pili, msingi huo ukiwa imara, chanjo ya maradhi mawili ibadilishwe iwe ya maradhi matatu. Tatu, siku hiyo hiyo pawe na kampeni ya kuwafikia waliopitwa, kuanzia shule za bweni na vyuo vya ualimu na afya, kama walivyofikiwa watoto wa shule mwaka 2014. Vyuo si vingi, wanafunzi wake wamekusanyika mahali pamoja, na majina yao yameandikwa. Hakuna kundi la watu wazima lililo rahisi kulifikia kuliko hilo.

Tuongeze tahadhari ambayo ni haki ya kila anayechanjwa kuijua. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa hiyo haipewi mwanamke mjamzito, na msichana anayechanjwa hushauriwa asipate mimba kwa mwezi mmoja; wala haipewi mtu ambaye kinga ya mwili wake imedhoofika sana. Wengi hawapati zaidi ya homa ndogo au maumivu ya mkono. Mambo haya yakielezwa kabla ya sindano, watu huamini. Yakifichwa yakagunduliwa baadaye, watu hukimbia.

Wapo watakaosema kwamba nchi ina maradhi makubwa zaidi: malaria, kifua kikuu, UKIMWI. Ni kweli, wala hatusemi matubwitubwi yawekwe mbele ya hayo. Lakini mtu ambaye nyumba yake ina nyufa nne haachi ufa mdogo kwa kuwa uko mkubwa, hasa ikiwa udongo wa kuziba upo mkononi. Taifa hutumia fedha nyingi kumsomesha mwalimu mmoja na muuguzi mmoja. Wazazi wa Mkunya huuza korosho za msimu mzima ili ada ipatikane. Baada ya gharama yote hiyo, kumwacha kijana apoteze usikivu wake, mwaka wake wa masomo, au tumaini la kuitwa baba, kwa ugonjwa ambao kinga yake imejulikana tangu mwaka 1967, ni hasara isiyo na udhuru.

Katika ukingo wa Newala pana mahali panapoitwa Shimo la Mungu, ambapo mtu husimama akaona chini mabonde yanayoelekea Ruvuma hadi macho yanapochoka. Wageni hupasifu kwa uzuri wake. Lakini mwenyeji anapompeleka mtoto pale humshika mkono, si kwa sababu watoto wengi huanguka, bali kwa sababu mmoja akianguka hapana wa kumrudisha. Wanachuo wetu wamekuja kusimama ukingoni mwa maisha yao ya kazi. Na washikwe mkono.